Mnywa Machozi

Kilichomtia Winfred wasiwasi hakikuwa machozi ya mtoto wake. Hayo alishayazoea. Jicho la kushoto la Joy lilichuruzika tangu akiwa na wiki tatu, awe analia, anacheka au amelala fofofo, na kila asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo la manjano mpaka mama yake azilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Wasiwasi ulimwingia alipogundua kwamba kila siku saa saba mchana, jua linapowaka mpaka kuku wanakimbilia chini ya kitanda, shavu la mtoto lilikuwa kavu kama sahani iliyolambwa. Siku ya kwanza alilishika kwa kiganja, akakuta lina baridi, akamfunika mtoto leso na kwenda kuosha vyombo.

Winfred hakuwa mwepesi wa kuogopa. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira humchelewesha mtu kuogopa. Kwao Ngao walimwita Pilipili tangu akiwa darasa la tatu, na siku Zachary alipokwenda kuposa, baba yake Winfred alimvuta kando yule kijana akamwambia afikirie tena. Zachary alicheka. Sasa walikuwa na miaka miwili ya ndoa na mtoto wa miezi kumi, na Zachary alikuwa hacheki sana.

Waliishi bondeni mwa Tana, mwendo wa saa moja kwa boda kutoka Garsen, pamoja na Lois, mama yake Zachary. Huyu Lois alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na alikemea mapepo kila Jumapili mpaka mamba wa ng'ambo, nadhani, nao walitubu. Shamba lao lilikuwa eka nne za mpunga ndani ya mkondo wa zamani, ambao marehemu mzee Jairus, mume wa Lois, aliuziba kwa tuta refu la udongo ili maji ya mto yasipite tena kwenda ziwani. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na mnono. Majirani walipovuna magunia kumi, wao walivuna ishirini, na majirani walinyamaza kwa namna ambayo Winfred aliidhani ni wivu.

Jicho la Joy alikuwa amelipeleka kliniki ya macho Garsen. Mhudumu wa pale, Dhadho, ambaye kila mtu humwita daktari, alimpakata mtoto na kuonyesha kona ya jicho iliyo karibu na pua.

“Machozi yana njia yake, mama Joy. Yanaingia kwa kitundu hiki, yanashuka kwenye mfereji, yanatokea puani. Watoto wengi wanazaliwa na utando kule chini haujafunguka. Maji yakikosa njia yanasimama. Yakisimama sana yanaoza.”

“Sasa nifanye nini?”

“Kata kucha, nawa mikono. Weka ncha ya kidole hapa, bonyeza, shusha kuelekea puani. Mara kumi, halafu acha. Fanya hivyo mara nne kwa siku. Wengi wanafunguka kabla ya mwaka. Asipofunguka tutampeleka kwa mtaalamu, alazwe usingizi, apitishwe kijiwaya chembamba kizibue. Na usimtie kitu jichoni. Maziwa ya titi, majani, tope, usitie.”

“Tope? Nani atie tope jicho la mtoto?”

“Ungeshangaa,” Dhadho alisema, akamrudishia mtoto wake.

Winfred alikanda. Alikanda alfajiri kabla ya kwenda shambani, alikanda akirudi, alikanda jioni na kabla ya kulala. Jicho likawa afadhali siku mbili, kisha likarudi palepale. Lois alimtazama akifanya hivyo huku midomo ameikaza.

“Mwache mtoto,” alisema siku moja. “Jicho likitaka kulia litalia.”

“Lako lilipotaka kulia si mlilipeleka Malindi, mama?”

Lois akainuka akaenda jikoni. Kweli alikuwa amepelekwa. Jicho lake la kushoto lilitoa machozi miaka ishirini na tisa, likafanya uvimbe kando ya pua, likawa linatunga usaha kila msimu, mpaka Zachary akaamua kumpeleka hospitali, mwezi mmoja kabla Joy hajazaliwa. Mfereji wa mtu mzima ukishaziba kwa makovu haukandwi ukafunguka. Madaktari walimpasua, wakamtobolea njia mpya kwenye mfupa mwembamba wa pua, wakaacha ndani kimpira kwa miezi kadhaa ili njia isijifunge. Jicho likakauka. Ajabu ni kwamba Lois, ambaye husimama kanisani kumshukuru Mungu hata kuku aliyepotea akirudi, hakulitolea ushuhuda jicho lile hata Jumapili moja.

Mpunga ulianza kukomaa, na mpunga ukikomaa hakuna anayekaa nyumbani. Ndege hushuka kwa makundi, na shamba lisiloamiwa kwa wiki moja huwa ni mabua matupu. Winfred alikuwa akiondoka alfajiri na kombeo lake na makopo ya kugonga, anashinda juani akipiga kelele, kisha saa saba na nusu anarudi kunyonyesha. Mtoto alibaki na nyanya yake. Ndipo mambo mengine yakaanza kumgonga machoni. Kizingiti kilikuwa na unyevu wakati hakuna aliyemwaga maji. Jerikeni aliloliacha limejaa likawa limefika nusu. Na ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya tope la chini kabisa ya mto, lile linalonuka samaki wa zamani, japo mto wenyewe ulikuwa mbali kiasi cha mtu kuitwa asisikie.

“Nani ametumia maji?” aliuliza.

“Joto,” alisema Lois.

Jumapili moja Lois alibaki kanisani kwa mkutano, Zachary akaenda kuamia ndege, na Winfred akabaki peke yake na mtoto. Saa saba ilipofika alimlaza Joy mkekani karibu na mlango, akanawa mikono, akaweka kidole kwenye kona ya jicho. Alibonyeza na kushusha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne kidole hakikushuka. Kitu chini ya ngozi, kilaini na chenye nguvu kama ulimi wa ndama anapotafuta chuchu, kilimsukuma kidole juu. Winfred alishtuka akakitoa, akajiambia ni misuli ya mtoto, akakirudisha, na safari hii alisikia, karibu sana na mkono wake, karibu kiasi kwamba nywele za mkono zilisimama, sauti ya kitu kinacholamba, taratibu, bila haraka, kama mbwa anayelamba sufuria akijua mwenye nyumba hayupo, na harufu ya tope ikamjaa puani, na Joy akiwa ametulia tuli, macho wazi, akitazama juu ya bega la mama yake mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Alimnyakua mtoto akatoka mbio hadi uani. Juani pale, na kuku wakimtazama, alijiona mjinga. Hofu ilimkaa kidogo, kisha ikageuka ikawa kile ambacho kila kitu hugeuka ndani ya Winfred. Alikasirika. Hakujua amkasirikie nani, hilo tu.

Alimjua siku ya Ijumaa. Alikuwa shambani na moyo ukakataa kutulia, akaacha kombeo juu ya tuta kabla ya wakati wake, akapita nyuma ya nyumba kwa miguu mitupu.

Lois alikuwa amekaa kizingitini, uso wake umeelekea nje, Joy mapajani. Alikuwa amekiinamisha kichwa cha mtoto nyuma, kwenye jua, na kwa vidole viwili ameifungua kope ya kushoto. Kwenye kona ya jicho, pale pale Dhadho alipoonyesha, palikuwa pamepakwa tope jeusi. Chozi lilijaa juu ya ukope wa chini, likavimba, na badala ya kuanguka likapanda. Winfred aliliona kwa macho yake mawili. Lilivutika kwenda juu kama ute wa bamia, likawa refu, jembamba, linang'aa, likaingia mahali hewani pasipo na kitu na likatoweka, na mara likafuata lingine, na lingine, na ile sauti ya kulamba ikawa pale mlangoni mchana kweupe huku mama mwenyekiti akinong'ona kwa sauti ya kumbembeleza mtu.

“Taratibu. Taratibu. Huyu ni mdogo.”

Winfred hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka tu mtoto akiwa kifuani mwake na Lois ameanguka ubavu.

“Mama. Unamnywesha nani mtoto wangu?”

“Punguza sauti,” Lois alinong'ona. “Bado yuko hapo.”

“Nani?”

“Mwenye mkondo.” Lois hakuinuka. Aliongea na sakafu. “Baba Zachary alipoziba, wazee walimwambia aache mdomo. Hata upana wa mtumbwi tu. Maji yana mwenyewe, apate pa kunywea. Hata watu wa kanisa walifanya hivyo, hawakumwambia tu mchungaji. Yeye akasema upana wa mtumbwi ni magunia mawili ya mpunga. Akaziba yote.”

“Halafu.”

“Halafu mwenye mkondo akaja nyumbani. Mitungi ikawa inakauka. Mbuzi wakafa na ndimi nje. Siku moja mchana nikamkuta Zachary anatoka machozi jicho moja, alikuwa ndio anaanza kutambaa. Nikajua. Nikasema, mwache mwanangu, kunywa kwangu. Akakubali.” Aligusa kovu lake kando ya pua. “Miaka ishirini na tisa, Winfred. Kila siku saa saba. Nilichoka. Zachary aliponipeleka Malindi sikumwambia kitu. Nilitaka jicho langu likauke tu kabla sijafa.”

“Na ulijua atakwenda kwa nani.”

Lois alijipangusa tope vidoleni kwa leso.

“Kwa mwanao ulitoa jicho lako,” alisema Winfred. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomjua kwao Ngao wangekimbia. “Kwa wangu ukampakata ukamfungulia kope.”

“Nilikuwa namlinda. Tope la tutani linazuia maji yasishuke, yanasimama hapo kwa wingi. Akikosa machozi atataka kingine. Ataanza damu.”

“Kwa nini usiseme tubomoe tuta?”

“Wiki tatu tu, mwanangu. Tuvune kwanza.”

“Mmesema hivyo mara ngapi?”

Lois alifikiri, na ubaya wake ni kwamba alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa umri wa mtoto wa jirani. “Kila mwaka,” alisema.

“Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, mama,” alisema Winfred. “Huyu wako mmemlea mpaka ameota mvi.”

Hakupata nafasi ya kusema zaidi kwa sababu Joy alikuwa wa moto. Alilifuta lile tope kwa pamba na maji yaliyochemshwa, na chini yake akakuta uvimbe mwekundu wa kadiri ya kunde, umekaza, na mtoto alipiga ukelele alipougusa. Ndani ya nusu saa alikuwa juu ya boda, mtoto kifuani, vumbi la njia ya Garsen likimjaa meno.

Dhadho alitazama mara moja na uso wake ukabadilika. “Usikande tena mpaka uvimbe uishe. Kifuko cha machozi kimejaa usaha. Huu ukiachiwa unapanda nyuma ya jicho, na kutoka pale hadi kwenye ubongo si mbali. Tunalaza leo. Sindano kwenye mshipa, asubuhi na jioni. Nani ametia tope?”

“Mwenyekiti wa akina mama,” alisema Winfred.

Alimpigia Zachary simu kutoka wodini, akamweleza yote. Zachary akasema mama yake amezeeka na maneno ya wazee asiyachukulie hivyo, la muhimu mtoto yuko kwa daktari. Tuta halibomolewi. Mpunga ule ndio chakula cha huyo huyo Joy. Wavune kwanza, baadaye wataona. Winfred alikata simu bila kuaga.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, uvimbe umelainika, usaha umetoka kwa njia ya jicho na kusafishwa. Joy alinyonya vizuri. Winfred alianza kuamini kwamba yale ya nyumbani yalikuwa yamebaki nyumbani, mpaka saa saba mchana siku ile ya tatu, wodi ikiwa imenyamaza kwa joto, akina mama wengine wamesinzia, aliposikia harufu ya tope. Iliingia mlangoni ikapita kitanda cha kwanza na cha pili, na kila ilipopita chupa ya maji ya kunywa ilishuka bila kuguswa, kwanza ya mama wa Kiorma aliyelala na kitambaa usoni, kisha ya jirani yake, kisha ikafika kwa Joy na kusimama, na chupa ya dripu ya Joy iliyokuwa ikidondoka tone kwa tone kwenye mpira wa mshipa ikaacha kudondoka, na ndani ya ule mpira mwembamba Winfred akaona wekundu ukianza kupanda kutoka mkononi mwa mtoto, polepole, unavutwa kama mtu avutavyo maji ya dafu kwa mrija.

Alifinya mpira kwa vidole vyote. “Dhadho,” aliita. Hakupiga kelele, ila Dhadho alikuja mbio.

Dhadho alifunga mpira, akachomoa sindano, akaweka pamba. Alikagua kila kitu kwa utaratibu wa kazi yake: chupa ilivyotundikwa, kibanio cha mpira, mkono wa mtoto. Damu kurudi kidogo kwenye mpira si ajabu, alisema. Kisha akatazama chupa za maji kitanda baada ya kitanda, zote tupu, na akatazama sakafu, pale ambapo alama ya unyevu ilikuwa inakauka kuelekea mlangoni. Alikuwa mtoto wa mto vilevile. Babu yake alikuwa na shamba la mpunga, lenye tuta lililoachwa mdomo.

“Mama Joy,” alisema kwa sauti ya chini sana, “shamba lenu ni lile la marehemu Jairus?”

“Ndilo.”

“Aliacha mdomo?”

“Hakuacha.”

Dhadho aliokota pamba yenye damu akaitupa ndooni. “Mfereji wa jicho ni kazi yangu,” alisema mwishowe. “Usaha nimeutoa, na hicho kijiwaya atapitishwa akipoa, njia itafunguka. Lakini nikimfungua huyu, yule atatafuta mwingine, na kabla hajampata atakunywa chochote. Ule mfereji mwingine mimi siwezi kuutibu.” Alitazama saa ukutani. “Sindano ya leo asubuhi amepata. Ya jioni ni saa kumi na mbili. Ikikosekana usaha unarudi. Kesho uondoke asubuhi ukitaka, lakini kufika saa kumi na mbili mtoto awe kitandani hapa.”

Kesho yake, mara baada ya sindano ya asubuhi, Winfred alipanda boda na Joy mgongoni. Hangemwacha wodini saa saba na yule mgeni. Hakupita nyumbani ila nyuma ya nyumba, alipochukua jembe la mpini mrefu, jembe la marehemu. Zachary alikuwa upande wa chini wa shamba akipigia ndege makopo. Mto ulikuwa umejaa maji ya bara, mekundu, yameegemea tuta kwa juu, na upande wa pili mpunga umeinama kwa uzito, wa manjano, mzuri kuliko mwaka wowote. Kwa muda mdogo Winfred alisimama akautazama. Aliuamia yeye huo. Alijua kila jaruba, na koo lake lilikuwa bado limekauka kwa kelele za kufukuzia ndege. Kisha alivua viatu akaanza kuchimba.

Udongo wa miaka thelathini ni mgumu. Jua lilimchoma utosini, viganja vikachubuka, na alikuwa amefika magotini tu ndani ya tuta alipohisi leso mgongoni imelowa. Alijua si mkojo. Ilikuwa baridi. Kisha ikaja harufu, na ile sauti, safari hii si karibu na mkono wake bali nyuma ya shingo, ulimi ukimlamba Joy jicho na ukikosa cha kutosha ukimlamba jasho Winfred mwenyewe, nyuma ya masikio, kwenye shavu, kwenye kona ya jicho lake, na kila alipoinua jembe lilikuwa zito zaidi kana kwamba mtu mzima ameshika mpini pamoja naye, si kumzuia, bali kuegemea, kama mgonjwa anavyoegemea, na Joy akaanza kulia kwa sauti kavu isiyo na chozi hata moja, na Winfred akachimba, akamtukana mzee Jairus kaburini kwake kwa kila pigo, akamtukana Zachary, akamtukana Lois na kiti chake cha mbele kanisani, akamtukana na huyo mwenye mkondo aliyeshindwa kuwanywa wanaume waliomziba akawaona watoto wachanga, akachimba mpaka macho yakaona weusi, mpaka jembe likazama ghafla na mkono wote, na maji yakatoboka.

Yalianza kama uzi. Yakawa mkono, yakawa mtumbwi, kisha tuta likameguka pande zote mbili na Winfred akajitupa nyuma na mtoto wake. Mto uliingia shambani kwa kishindo. Mpunga wa mbele ulilala, wa nyuma yake ukalala, na maji mekundu yakaenda yakikumbuka njia yake ya zamani kuelekea ziwani. Na pale kwenye pengo, katikati ya ngurumo ile, Winfred alisikia kitu kikinywa. Kilikuwa kinagugumia, kinakata pumzi, kinarudi tena, kiu ya miaka yote hiyo. Leso mgongoni ikaanza kupata joto.

Zachary alifika akikimbia, miguu imejaa tope, kopo bado mkononi. Alitazama pengo, akatazama shamba.

“Umefanya nini?” alisema. “Winfred, umefanya nini?”

“Nimeacha mdomo.”

Alidhani atampiga. Zachary naye alidhani hivyo, ilionekana mkononi mwake. Lakini aligeuka akatazama maji, akapiga hesabu ya kichwani ya mkulima. “Nusu bado inaweza kuokoka,” alisema. “Tukiziba sasa hivi.” Akakimbia kijijini kuita wanaume na magunia ya mchanga.

Winfred alitazama jua. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Boda saa nzima, na kabla ya hapo kuipata hiyo boda. Akibaki kulinda pengo, sindano inapita. Akienda, watu kumi wenye magunia wataziba kabla hajafika barabarani, na kesho saa saba atakuwa pale wodini anafinya mpira kwa vidole. Alisimama na jembe lake, akalipiga chini kwa hasira.

Ndipo akamwona Lois. Alikuwa amesimama juu ya tuta, bila kitambaa kichwani, hajulikani tangu saa ngapi. Alikuwa analia kwa macho yote mawili.

“Nisamehe, mwanangu,” alisema.

“Sikusamehe,” alisema Winfred. “Leo sikusamehe, na mwaka kesho usije kuniuliza. Lakini mtoto anangojewa na sindano. Wakija kuziba, wakute mtu hapa.”

Lois alitazama maji. Aliijua sauti iliyokuwa ikinywa mle kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikaza leso kiunoni, na alipoweka mguu wa kwanza aliurudisha, akasimama, akauweka tena. Alishuka mpaka katikati ya pengo, maji kiunoni, akashika kingo mbili za udongo kwa mikono miwili. Maji yalimzunguka upande wa kulia, na upande wa kushoto yakazunguka mbali kidogo, kana kwamba pembeni yake amesimama mwingine.

“Nenda,” alisema.

Winfred alimkaza Joy mgongoni akashika njia. Alikuwa hajafika mbali aliposikia wanaume wanafika, magunia yakishushwa chini, na Zachary akimwambia mama yake atoke majini. Mama yake akajibu hapana. Akamwambia mara ya pili, kwa ukali, na mama yake akajibu hapana.